Setilaiti Inaona Nini Juu ya Nairobi?

Nairobi ina kilomita za mraba 696. Ramani ya kawaida ya erosoli, yaani vumbi, moshi na chembe nyingine zinazoelea hewani, kutoka kwa kifaa cha MODIS ina miraba ya kilomita 10 kwa 10. Jiji zima ni miraba 7. Industrial Area na msitu wa Karura huenda zikapewa namba moja.

Namba hiyo ni kina cha erosoli, na haina kizio. Ikiwa 0.12, takriban asilimia 11 ya mwanga unaoshuka wima imezuiwa njiani, kuanzia juu ya angahewa hadi ardhini. Mapafu yanavuta hewa ya chini tu. Huko kinachopimwa ni PM2.5, chembe zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, kwa mikrogramu katika mita ya ujazo.

Kuvuka kutoka namba moja hadi nyingine kunadai ukisie unene wa tabaka chafu. Tuchukulie kila gramu ya chembe inaziba mita za mraba 4 za mwanga. Uchafu ukienea sawasawa hadi mita 1,000, kina cha 0.12 ni mikrogramu 30. Ukibanwa ndani ya mita 500, ni 60. Ukipanda hadi 2,000, ni 15, kikomo cha saa 24 cha WHO tangu 2021. Setilaiti haijabadilisha chochote. Kilichobadilika ni dhana ya anayepiga hesabu.

Kosa la kipimo nalo, juu ya nchi kavu, hukadiriwa kuwa 0.05 ukijumlisha asilimia 15 ya kipimo. Kwa 0.12 ni 0.068, zaidi ya nusu. Ile 30 sasa huenda iko popote kati ya 13 na 47, na unyevu unaovimbisha chembe bado hatujaugusa.

Terra na Aqua, setilaiti zinazobeba MODIS, zilipangiwa kupita saa nne na nusu asubuhi na saa saba na nusu mchana. Foleni ya Jogoo Road ya saa moja asubuhi haimo. Siku za mawingu, ambazo Julai ni nyingi, hazina kipimo kabisa.

Data ya setilaiti, kweli, ni ya bure; kupima ardhini kuna gharama. Tukikadiria mashine ya rejea, ile ya kupima PM2.5 kwa usahihi, kwa dola 25,000, na dola kwa shilingi 130, ni shilingi 3,250,000. Kihisio rahisi cha dola 300 ni 39,000, kwa hiyo mashine moja ni vihisio 83. Ila vihisio navyo hupima kwa mwanga na kuchezewa na unyevu. Bila mashine ya kuvisahihisha, vyote 83 vinaweza kukosea pamoja. Mashine moja kwa kila mraba ni shilingi 22,750,000. Kwa wakazi 4,397,073 wa sensa ya 2019, ni kama shilingi 5 na senti 17 kwa kila mmoja, kabla ya umeme, vipuri na mshahara wa fundi.