Mkojo kuponyoka si laana: misuli ya nyonga hufundishika

AKINA mama wanaovuka mipaka kwa biashara huzungumza mengi njiani: bei ya mawese, ushuru, mvua, karo za watoto. Liko moja wasilolitaja hata wakiwa wao kwa wao. Ni lile la mkojo kuponyoka mtu anapokohoa, anapocheka au anapojitwisha kikapu.

Wengi huamini kwamba ndiyo malipo ya kuzaa, au kwamba uzee umepiga hodi. Wengine huambiwa wamelogwa. Basi mama huanza kujificha. Huvaa kanga mbili, hukaa kiti cha nyuma kwenye basi, na hanywi maji tangu alfajiri ili foleni ya mpakani impite salama. Mwishowe huacha safari, na mtaji uliosomesha watoto huliwa nyumbani.

Ndugu msomaji, mara nyingi tatizo hili ni udhaifu wa misuli, na misuli hufundishika. Tiba yake ya kwanza ni mazoezi chini ya mtaalamu wa tiba ya viungo, kabla ya kufikiria kisu na kabla ya kumaliza fedha kwa waganga.

Kitanda cha kamba

Chini ya tumbo, kuanzia mfupa wa kinena hadi ncha ya uti wa mgongo, kuna misuli iliyotandazwa kama kamba za kitanda cha kienyeji. Wataalamu huiita sakafu ya nyonga. Juu yake hukaa kibofu, kizazi na mwisho wa utumbo mkubwa, na ndiyo inayosaidia kubana njia za haja. Kamba zikilegea, kitanda hubonyea. Hapo mkojo huponyoka, au kizazi hushuka na mama akahisi kitu kizito ukeni.

Mimba na kuzaa ndizo sababu kubwa za kulegea huko. Kikohozi cha muda mrefu, choo kigumu, unene, kukoma hedhi na mizigo mizito ya kila siku huongeza tatizo. Wanaume nao wamo: aliyeondolewa tezi dume anaweza kutokwa na mkojo bila hiari, naye hufundishwa mazoezi hayo hayo.

Mazoezi yenyewe

Daktari Arnold Kegel wa Marekani aliyaeleza mazoezi haya katika maandishi yake ya mwaka 1948, na tangu hapo yamepimwa mara nyingi. Mwaka 2018 wataalamu wa mtandao wa Cochrane walijumlisha tafiti za nchi mbalimbali. Kati ya wanawake waliokuwa wakivuja mkojo kwa kukohoa au kuinua vitu, 56 katika kila 100 waliofanya mazoezi walisema wamepona. Kwa wasiofanya, walikuwa 6 tu.

Namna ya kufanya ni hii. Kaa au lala kwa utulivu. Bana kana kwamba unazuia ushuzi na mkojo kwa pamoja, ukihisi misuli inavutwa ndani na juu. Hesabu taratibu hadi tano, kisha legeza kabisa kwa muda ule ule. Endelea kupumua, wala usikaze matako au mapaja. Mwongozo wa afya wa Uingereza unataka kubana angalau mara 8, mara 3 kwa siku, kwa muda usiopungua miezi 3. Anayeacha baada ya wiki mbili asiseme dawa haifanyi kazi.

Kwa mfanyabiashara kuna nyongeza. Kabla ya kuinua mzigo, bana kwanza, kisha toa pumzi huku ukiinua. Fanya hivyo pia kabla ya kukohoa au kupiga chafya. Ukiweza, gawa mzigo mara mbili. Na maji usiache kunywa: mkojo ukiwa mzito huwasha kibofu, na haja hukusumbua zaidi.

Kwa nini mtaalamu?

Mtu anaweza kudhani anabana kumbe anasukuma chini. Utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 1991 uliwapima wanawake 47 waliopewa maelezo ya mdomo tu. Nusu hivi walibana sawasawa, na robo walifanya kwa namna inayoweza kuongeza kuvuja. Tena wapo ambao misuli yao imekaza mno na inawauma. Hao huhitaji kufundishwa kulegeza, na kubana huweza kuwazidishia maumivu.

Hapa sisi tuliorudi tuna kikwazo chetu. Mimi nilizaliwa na kusomea katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Tanzania, na hospitali tuliyoijua ilisema Kiswahili na Kiingereza. Huko mtu huulizia fiziotherapia. Hapa Burundi, mlango huo huo umeandikwa kwa Kifaransa: kinésithérapie. Mama aliyerudi anaweza kuupita mara kumi asijue kwamba ndiyo huduma anayoitafuta. Lishike neno hilo, ulitaje mapokezi, na umwambie muuguzi wazi kwamba mkojo unakuponyoka.

Mazoezi yasipotosha

Iko hali moja isiyongoja mazoezi. Kama mkojo au kinyesi hutoka wakati wote, usiku na mchana, bila kukohoa wala kuinua kitu, na hasa kama ilianza baada ya uchungu wa siku nyingi, huenda ni fistula, ambayo wengine huiita nasuri. Hilo ni tundu lililotoboka, na tiba yake kwa kawaida ni upasuaji. Gitega ndiko Madaktari Wasio na Mipaka walikofungua kituo cha Urumuri kwa ajili hiyo mwaka 2010. Ng'ambo, hospitali ya Panzi ya Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Dkt. Denis Mukwege, imejulikana kwa kazi hiyo, na Dar es Salaam iko CCBRT. Hata baada ya tundu kuzibwa, wapo wanaoendelea kuvuja kwa sababu misuli imedhoofu. Hao nao hurudishwa kwa mtaalamu wa viungo.

Ukiona damu kwenye mkojo, ukisikia maumivu makali, au kitu kikijitokeza ukeni, nenda kwa daktari kwanza.

Akina baba, mke anayejitenga kitandani na kukataa safari huenda hana kiburi wala mchepuko. Muulize kwa upole, kisha mpe nauli ya hospitali. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mama aliyevuka mito na mipaka akiwa na watoto mgongoni hastahili kushindwa na aibu mlangoni pa hospitali.