Mayai matatu, vinywa tisa

Juma hili nawaletea kazi ya mikono: makaroni ya mayai, ya kukanda nyumbani bila mashine. Kwanza niwaeleze namna yalivyoingia nyumbani kwangu, maana sikuyaanza kwa kutafuta utamu.

Hapa Butembo tulikuwa watu watano: bwana yangu, mimi na watoto watatu. Jioni moja mtoto wa mama yangu mdogo akafika kutoka upande wa Beni pamoja na watoto wake watatu, mfuko mmoja wa nguo na godoro. Walikuwa wamekimbia vita. Nyumba nyingi za Butembo na Beni zinaijua jioni ya namna hiyo. Mnasogeza mikeka, mnaongeza maji katika maharagwe, na asubuhi watoto wanaamka. Tukawa watu tisa.

Nina kuku watatu wanaotaga. Siku nzuri napata mayai matatu. Zamani, siku ya Mungu, kila mtoto wangu alikula yai lake. Sasa watoto ni sita. Nikachemsha mayai matatu, nikayakata katikati, kila mtoto nusu. Nikaona hesabu imetoka vizuri. Lakini binti mkubwa wa mdogo wangu, mwenye miaka tisa, akachukua nusu yake akaiweka kwenye sahani ya kitinda mimba wangu. Nilipomwuliza sababu, akajibu kwa sauti ndogo: “Mayai ni ya watoto wa hapa, mwalimu.” Aliniita mwalimu, hakuniita mama mkubwa. Usiku ule usingizi ulichelewa.

Nikaelewa kwamba yai lililokatwa linaonyesha nani amepewa na nani amepunguziwa. Nilitaka chakula ambacho hakuna mtu anaweza kuonyesha kidole na kusema yai hili ni la fulani. Ndipo nikakumbuka makaroni.

Hesabu kabla ya kwenda soko

Huko Bologna, katika nchi ya Italia, kanuni ya wapishi ni yai moja kwa gramu 100 za unga wa ngano. Kwa kilo nusu ya unga ni mayai matano. Kama mayai yote unayanunua, piga hesabu kwanza: mara nyingi pakiti ya makaroni makavu ya dukani itakuwa bei nafuu. Sitawadanganya. Faida inakuja ukiwa na kuku wako, au ukiwa na mayai machache ambayo hayatoshi watu wote.

Mimi natumia mayai matatu kwa kilo nusu ya unga, na maji kidogo yanachukua nafasi ya mayai mawili yaliyopungua. Yai moja lina karibu gramu 6 za protini, chakula kinachojenga mwili wa mtoto. Matatu ni gramu 18. Ukigawa kwa watu tisa, kila mmoja anapata gramu 2 tu. Unga wenyewe unaongeza karibu gramu 50 kwa watu wote. Bado ni kidogo kwa mtoto anayekua, kwa hiyo mchuzi wangu lazima uwe na maharagwe au ndakala. Makaroni peke yake yanashibisha tumbo, lakini hayatoshi kujenga mwili.

Namna ya kukanda

Nawa mikono kwa sabuni. Kazi hii tuliizoea wakati wa Ebola na tusiiache. Pasua kila yai katika kikombe peke yake kabla ya kulichanganya na mengine, ili moja bovu lisiharibu yote.

Mwaga unga juu ya meza safi, ufanye shimo katikati kama mdomo wa kisima. Weka mayai, chumvi kidogo na desilita moja ya maji, lakini usimwage maji yote kwa mara moja. Koroga kwa uma kuanzia katikati, ukivuta unga wa pembeni pole pole. Uma ukilemewa, ingiza mikono. Donge likishikamana na vidole, nyunyiza unga. Likipasuka, lowesha vidole uendelee.

Kanda dakika 10 kwa kisigino cha mkono: sukuma, kunja, geuza. Mwanzoni donge ni gumu, gumu kuliko la chapati. Usikate tamaa. Likiwa laini kama ngozi ya sikio, lifunike kwa bakuli au kitambaa chenye unyevu, lipumzike nusu saa. Usiruke mapumziko haya. Ngano ina kitu kinachovutika kama mpira; kikichoka kinarudi nyuma kila ukisukuma, kikipumzika kinakubali. Unga wa muhogo hauna kitu hicho, kwa hiyo usiutie badala ya ngano. Makaroni yatavunjika ndani ya maji.

Kata donge mara nne. Sukuma kipande kimoja, vingine vibaki vimefunikwa. Mwenye kijiti cha chapati akitumie. Mimi natumia chupa iliyooshwa vizuri. Sukuma mpaka uone rangi ya kitambaa cha meza kupitia unga. Ukiacha mnene, utakula mkate mbichi. Acha kila kipande dakika 10 kikauke juu kidogo, nyunyiza unga, kiviringe bila kukibana, halafu kata kwa kisu vipande vyembamba kama upana wa ukucha wa kidole kidogo. Vikunjue mara moja uvitawanye juu ya unga, visigandane.

Kupika bila kupoteza makala

Pika mchuzi wakati donge linapumzika: kitunguu, nyanya, mafuta ya mawese kidogo, na maharagwe yaliyoiva au ndakala. Ukiutoa kwenye mbabula, weka sufuria kubwa ya maji yenye chumvi, uifunike. Maji yachemke sana kabla ya kutia makaroni. Maji ya uvuguvugu yanayageuza kuwa uji.

Wengi husoma kwamba makaroni mabichi yanaiva kwa dakika 2. Butembo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na maji yetu yanachemka kwenye digrii karibu 94, si 100. Kwa hiyo ngojea dakika 4, kisha onja. Beni kuko chini zaidi, dakika 3 zinaweza kutosha. Kata kipande kimoja: ukiona alama nyeupe katikati, bado.

Kula siku hiyohiyo. Msikaushe makaroni ya mayai kwa siku nyingi katika hewa yetu ya mvua. Yai bichi linaweza kubeba vidudu vya salmonela, na ukungu unaingia upesi. Watoto wasilambe donge bichi.

Siku ya kwanza

Siku ya kwanza makaroni yangu yalikuwa manene na mengine yaligandana. Bwana yangu aliuliza kama ni chapati zilizopata ajali. Lakini nilikuwa nimempa yule binti kazi ya kupasua mayai, kimoja kimoja katika kikombe, na kijana wangu kazi ya chupa. Kitinda mimba alitawanya unga mpaka kwenye nywele. Tulipokaa kula, hakuna mtu aliyeweza kuhesabu yai la nani liko wapi. Binti akamaliza sahani yake, akaifuta kwa kidole.

Sisemi kwamba makaroni yameponya alichokiona njiani. Njia ya kwao haijafunguka, na usiku mwingine anaamka akilia. Lakini Jumapili iliyofuata ndiye aliyekwenda kutazama viota kabla sijamtuma. Alirudi ameshika mayai mawili kwenye nguo yake, akaniuliza: “Mama mkubwa, leo ni mawili tu. Tuongeze maji kiasi gani?”

Wamama wa kikundi, mkikutana kwa likelemba, jaribuni siku moja: kila mmoja alete yai moja na kikombe cha unga, na chupa. Nyumba yenye wageni itangulie kubeba.