Kwa Nini Manyani na Si Mbwa?

Likizo iliyopita kijiweni kwetu Tanga tulibuni mchezo wa hadithi: meza, dadu, na kila mtu na mhusika wake. Mimi nikataka mnyama. Nikachagua nyani, na aliyenitia wazo hilo ni Shaaban Robert.

Katika Adili na Nduguze (1952), Hasidi na Mwivu wanageuzwa manyani, na Adili analazimika kuwachapa kila usiku. Kisa kinafanana sana na kimoja cha Alfu Lela Ulela, ila kule ndugu wanageuzwa mbwa. Wapo wanaodai kuwa manyani hawa ni ishara tu ya uovu. Hapana, bwana! Mbwa huku pwani ni najisi. Akipigwa, nani atalia? Nyani ni mwizi wa mahindi, sawa, lakini ana vidole, ana uso. Fimbo ikimshukia, ni kama Adili anampiga mtu, tena nduguye. Hapo ndipo fani inapobeba maudhui.

Basi nyani wangu nikampa mikono ya wizi, nikamnyima usemi. Mwenzangu zamu yake ilipofika ya kumtandika, aliweka dadu chini akakataa kucheza.