Mjusi wa Ukutani na Jina Lake Baya

Usiku taa iwashwapo katika nyumba za Kayanga, Kaisho au Murongo, hutokea ukutani mnyama mdogo wa rangi ya majivu, mwenye macho makubwa yasiyopepesa. Hukaa kimya karibu na mwanga, akingoja nondo. Waswahili humwita mjusi kafiri, maana Waislamu wa kale walisimulia kwamba mjusi wa namna hii aliupuliza moto aliotupwa Ibrahimu ili uzidi kuwaka. Hata watu wasioijua hadithi hiyo humpiga kwa fagio, wakisema ana sumu.

Ajabu ni kwamba hata ng'ambo ya Atlantiki alipewa jina baya. Mwaka 1818 Mfaransa Moreau de Jonnès alimwandika kwa jina la mabouia, neno la wenyeji wa visiwa vya Karibi, maana yake pepo mbaya. Leo amejaa Brazil na nchi nyingine za Amerika ya Kusini, lakini asili ya ukoo wake ni Afrika. Wengi hufikiri alivuka katika merikebu zilizochukua watumwa. Wengine husema huenda alielea juu ya magogo. Huko ugenini si mpole sana: katika kisiwa cha Curaçao amemfukuza mjusi mwenyeji katika kuta za nyumba.

Je, sumu anayo? Hana kabisa, wala katika meno wala katika ngozi. Kinyesi chake tu chaweza kuchukua vijidudu vya maradhi ya tumbo, basi mama na afunike chungu chake, yatosha. Naye mjusi hula mbu, nzi, nondo na mende wadogo, kazi ambayo hatumlipi.

Ninyi walimu, waonyesheni watoto vidole vyake. Chini yake mna vikunjo vyenye nywele nyembamba mno, zisizoonekana kwa macho. Ndizo zimshikazo darini, wala si gundi. Akikamatwa mkia, huuacha ukirukaruka na kukimbia. Mwingine humea, ila ndani yake hamna mifupa tena, ni gegedu tu.

Porini hukaa katika magome ya miti na nyufa za miamba. Nyumbani, mkitengeneza paa au kuikandika upya nyumba, tazameni kwanza katika nyufa: huenda mkakuta mayai mawili meupe, magumu, ya mviringo. Ni yake.