Wenza wa Lindo

Roboti alizaliwa kampunini. Mwandishi wa Kicheki Karel Čapek alipochapisha tamthilia yake R.U.R. mwaka 1920, herufi hizo tatu zilikuwa kifupi cha jina la kiwanda: Rossum's Universal Robots. Pazia linapofunguka, meneja mkuu yuko ofisini akimtamkia karani wake barua za biashara aziandike, na muda si mrefu anamweleza mgeni jinsi roboti anavyoshusha gharama za kazi. Hamna maabara ya mwendawazimu wala radi za usiku wa manane. Kuna oda, bei na faida.

Kwa hiyo tangu mwanzo, bunilizi ya kisayansi ilipomwangalia roboti ilikuwa inaangalia ajira. Huyu ni mtumishi wa nani? Amri ikitolewa, inatoka kwa nani? Waandishi wamelijibu swali hilo kupitia wahusika wa kila aina, lakini yuko mmoja ambaye wahakiki humpita bila kumsalimu, nami namwona kuwa muhimu kuliko wanasayansi na wakurugenzi wote: askari wa kampuni. Namzungumzia askari mwema, yule anayepangiwa zamu moja na mashine, akaanza kwa kuishuku, akaishia kuiita mwenzangu.

Tazama kazi yake ilivyo. Amevaa sare yenye nembo ya mtu mwingine. Analinda mali asiyoimiliki, mara nyingi mali ambayo mshahara wake hautamfikisha hata kuikaribia. Anasimama mlangoni kati ya mwenye mali na wengine wote, na lawama za pande zote mbili humwangukia yeye. Akiambiwa huyu asipite, anamzuia hata kama moyoni anaona ana haki ya kupita. Sasa mweke roboti kwenye lindo hilohilo. Mmoja amezaliwa na mwingine ametengenezwa, lakini wote wawili wamekodiwa miili yao, na aliyewakodi ni yuleyule. Urafiki wao una msingi kabla hawajasemeshana neno.

Kabla ya kufika hapo, fani hii ilikuwa na tatizo moja la kiufundi, na aliyelileta ni Isaac Asimov. Katika hadithi yake "Runaround" ya mwaka 1942 aliziweka wazi sheria tatu za roboti, na ya kwanza yamkataza kumdhuru binadamu au kumwacha adhurike. Sheria njema, ila inamvunja mlinzi miguu. Mwizi akiamua kupita kwa nguvu, roboti wa Asimov hawezi kumpiga. Anaweza kutisha tu.

Asimov aliligeuza tatizo hilo kuwa hadithi. Horace Gold, mhariri wa jarida la Galaxy, alimtaka aandike riwaya ya roboti, kisha akamshauri iwe ya mauaji, mpelelezi binadamu akishirikiana na roboti. Ikatoka The Caves of Steel, kwanza jaridani mwaka 1953, kisha kitabu mwaka 1954. Elijah Baley ni askari kanzu wa New York ya mbali sana katika wakati ujao. Anapangiwa mwenza, R. Daneel Olivaw, ambaye kwa sura huwezi kumtofautisha na mtu. Mapema kabisa, umati unachachamaa katika duka la viatu kwa sababu wateja hawataki kuhudumiwa na roboti. Daneel anapanda kitini, anatoa silaha, anatangaza kwamba atakayesogea atapigwa. Watu wanatawanyika. Baadaye ndipo Baley anatambua kwamba mwenzake asingeweza kufyatua hata iweje.

Baley ni polisi wa jiji, hakuajiriwa na kampuni, lakini kielelezo cha wahusika wote waliofuata kiko kwake. Ana sababu halali ya kuogopa: kituoni kwake roboti aitwaye R. Sammy ameshachukua kazi ya kijana mmoja, na Baley anajua fika kwamba mtu akishuka cheo katika jiji lile anashuka na familia yake, chakula chake na chumba chake. Asimov hakumfanya mbaguzi ili aje kutubu. Alimpa hofu ya mfanyakazi, akamwacha afanye kazi pamoja na kitu anachokihofia, siku baada ya siku, mpaka mazoea ya kazi yakafanya yasiyoweza kufanywa na hotuba. Baley anamtuhumu Daneel waziwazi, anaumbuka, na bado kesho yake wanaendelea na upelelezi. Huo ndio urafiki ninaouamini katika hadithi za namna hii. Ule unaoanza kwa mapenzi ya ghafla huwa haudumu hata kurasa ishirini.

Filamu iliyomrudisha roboti kampunini moja kwa moja ni RoboCop ya Paul Verhoeven, ya mwaka 1987. Kampuni ya OCP imepewa mkataba wa kuendesha polisi wa Detroit. Katika kikao cha wakurugenzi inaonyeshwa mashine mpya ya ulinzi, ED-209. Kijana mmoja wa ofisini, Kinney, anaombwa aielekezee bastola kwa majaribio. Mashine inamwamuru aitupe. Anaitupa. Mashine haioni kwamba ameitupa, inahesabu, kisha inammiminia risasi mbele ya mabosi wake. Kinachotisha zaidi ya damu ni mazungumzo yanayofuata, kwani kabla maiti haijapoa kikao kimesharejea kwenye ratiba ya mradi na hasara yake.

Kisha anakuja Alex Murphy, askari aliyeuawa kazini, na mwili wake ukageuzwa kuwa mashine inayomilikiwa na OCP. Kampuni inadhani imefuta kila kitu. Anayegundua kwamba haikufuta ni Anne Lewis, askari aliyekuwa mwenzake wa zamu kwa muda mfupi tu kabla hajauawa. Je, anamtambua kwa sura au sauti? La. Anamtambua kwa jinsi anavyoizungusha bastola kidoleni kabla ya kuirudisha, mbwembwe aliyoizoea Murphy ili kumfurahisha mwanawe. Mafaili yote ya kampuni hayakuwa na habari hiyo. Aliyekuwa nayo ni mtu aliyekaa naye gari moja.

Baadaye Murphy ameharibika, amejificha katika kiwanda cha chuma kilichotelekezwa, na shabaha yake imepotoka. Lewis anampangia vichupa vya chakula cha watoto, anamshika mkono, anamsaidia kulenga upya. Nimekirudia kipande hicho mara nyingi, na kila mara naona kwamba Verhoeven na waandishi wake, Edward Neumeier na Michael Miner, walikijua wanachokifanya. Lewis hamwambii Murphy kwamba bado ni binadamu. Anamsaidia kuiweza kazi yake tena. Kwa watu wa lindo, hiyo ndiyo lugha ya kuambiana jambo lile.

Na kuna amri ya nne. Murphy amewekewa maagizo matatu ya wazi, ya kulinda umma na sheria, na la nne limefichwa: hawezi kumkamata kiongozi wa juu wa OCP. Anapojaribu, mwili wake wenyewe unamgomea. Filamu inafika mwisho pale mzee anayeiongoza kampuni anapomfuta kazi kiongozi huyo papo hapo, na kwa kufutwa huko ulinzi wake unayeyuka. Sheria ya Asimov ilikuwa inamlinda kila binadamu. Sheria ya OCP inamlinda mwenye cheo, tena mpaka dakika anapokipoteza cheo. Tusisahau pia kwamba askari binadamu wa Detroit, walioelemewa na kampuni hiyohiyo, wanaingia katika mgomo. Mashine haiwezi kugoma. Tofauti kubwa kati ya Lewis na Murphy ni hiyo, kuliko chuma na nyama.

Japani wamelitazama jambo hili kwa jicho laini zaidi. Katika mfululizo wa katuni Ghost in the Shell: Stand Alone Complex, ulioanza mwaka 2002, kikosi cha usalama kinatumia vifaru vidogo vyenye akili viitwavyo Tachikoma. Hawa ni mali ya serikali, si ya kampuni, nami nawaingiza hapa kwa sababu ya mafuta. Askari mmoja, Batou, ana Tachikoma wake kipenzi, na humpa mafuta ya asili badala ya yale ya kiwandani yaliyopangwa na idara. Hamna anayemwagiza, wala hayamo katika bajeti. Kidogo kidogo Tachikoma wanaanza kutofautiana tabia, wanauliza maswali juu ya kifo, na mkuu wa kikosi anaona hatari: silaha yenye nafsi haitabiriki. Wanaondolewa kazini. Batou anapokaribia kuuawa, watatu waliobaki wanakuja kumwokoa, nao wanaangamia. Kosa ambalo idara ililiogopa ndilo lililomponya askari wake.

Wapo pia walinzi wema ambao wema wao unageuka kuwa fumbo. Katika Westworld, Ashley Stubbs ni mkuu wa usalama wa bustani ya anasa ya kampuni ya Delos, ambako matajiri hulipia kuwafanyia roboti watakalo. Mwishoni mwa msimu wa pili, mwaka 2018, anamwacha roboti mtoro apite mbele yake akiwa ameshamtambua, na maneno yake yanadokeza kwamba yeye mwenyewe ametengenezwa. Ni mbinu nzuri ya kumshtua mtazamaji, ila kwangu imepunguza kitu. Ningependa aliyefungua njia pale awe binadamu mwenye mshahara wa Delos, mwenye cha kupoteza.

Aliyeichimba mada hii hadi chini kabisa ni Martha Wells wa Marekani, katika mfululizo wa The Murderbot Diaries. Kitabu cha kwanza, All Systems Red, kilitoka mwaka 2017 na kikashinda tuzo za Hugo na Nebula. Msimulizi ni SecUnit, mlinzi ambaye nusu yake ni mashine na nusu ni mwili uliokuzwa. Anamilikiwa na kampuni ya bima ambayo Wells hajaipa jina hata moja. Huitwa kampuni, basi. Watafiti wakitaka kwenda kuchunguza sayari, kampuni inawalazimisha kumkodi mlinzi huyu kama sharti la bima. Tena mlinzi huyo anarekodi kila wanachosema, ili kampuni ichambue na kuuza chochote chenye thamani. Anayekulinda ndiye anayekusikiliza. Sijasoma maelezo mafupi na makali kuliko hayo ya biashara ya usalama.

SecUnit wetu amedukua kidhibiti chake kwa siri. Yuko huru na hakuna anayejua. Uhuru huo anautumia kutazama tamthilia za mfululizo, saa baada ya saa, huku akifanya kazi kwa kiwango kisichozua maswali. Mnyama anapowavamia watafiti wawili, anawaokoa, na mmoja wao, Volescu, anapoganda kwa hofu, SecUnit anafunua kofia yake na kumsemesha kwa upole mpaka anainuka. Katika mkataba hakuna kifungu cha upole. Dk. Mensah na watafiti wenzake, wakishaona uso ule, hawawezi tena kumhesabu miongoni mwa vifaa, wanaanza kumkaribisha aketi nao. Yeye anateseka. Hataki kutazamwa usoni, hataki kuulizwa anajisikiaje. Mensah anamnunua ili amwokoe, na SecUnit anatoroka, kwa sababu mmiliki mwenye huruma bado ni mmiliki.

Ndiyo maana naona kitabu cha Fugitive Telemetry, cha mwaka 2021, kinakamilisha kilichoanzishwa na Asimov. SecUnit sasa anaishi Preservation, nje ya himaya ya makampuni. Mtu amekutwa ameuawa katika kituo cha anga, na walinzi wa pale, wakiongozwa na Indah, hawajazoea mauaji. Kazi yao ya kila siku ni mizigo, ajali na walevi. Wanamhitaji mtaalamu, na mtaalamu aliyepo ni mashine wanayoiogopa. Indah si mkatili. Ni mkuu wa usalama mwenye wajibu, na hofu yake ina sababu. Ameweka sharti: SecUnit asiingie katika mifumo ya kituo bila ruhusa.

Kwa SecUnit kuvunja sharti hilo ni jambo la sekunde chache, na kesi ingekwenda mbio. Halivunji. Anapekua kwa njia ndefu, anauliza kwa mdomo, anasubiri, ananung'unika, akiwa bega kwa bega na maofisa waliokuwa wakimtupia jicho baya. Upelelezi unawafikisha kwa wafanyakazi waliofungwa na mikataba ya kampuni nyingine na wanaotoroshwa kwa siri, na hapo walinzi wa Preservation na mashine iliyokuwa mali ya kampuni hawahitaji kuelezana kwa nini watu wale wanastahili kuokolewa.

Nje ya hadithi, mitaani, mashine zimeshaanza kupangiwa lindo. Kampuni ya Knightscope ya California hukodisha K5, roboti wa doria mwenye kimo cha karibu mita 1.6 na uzito wa karibu kilo 180, mwenye kamera na vihisi, asiye na mikono. Mwaka 2017 mmoja wao alitumbukia katika bwawa la maji kwenye jengo la ofisi mjini Washington. Mwaka 2023 polisi wa New York walimjaribu mwingine katika stesheni ya treni ya Times Square, na meya wa wakati huo, Eric Adams, alisisitiza kwamba alikodishwa kwa dola 9 kwa saa, chini ya kima cha chini cha mshahara cha jiji lile. Hoja ni ileile ya meneja wa Čapek, miaka mia moja baadaye. K5 hawezi kupanda ngazi wala kumkamata mtu, na usiku wa doria ilibidi polisi binadamu watembee naye ubavuni. Majaribio yalikoma mapema mwaka 2024. Mshahara wa polisi waliomsindikiza haukuwamo katika zile dola 9.