Makuzi ya Binadamu na Ufundishaji wa Kiswahili Kasese na Bwera

Mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili hana budi kujua sio lugha tu, bali pia mtu anayemfundisha.

Kwanza tutofautishe istilahi mbili. Ukuaji ni ongezeko la mwili linalopimika, kama vile urefu na uzito. Makuzi ni mabadiliko ya uwezo wa kufikiri, kusema, kuhisi na kuishi na wenzetu. Urefu hukoma kuongezeka baada ya ujana, lakini makuzi huendelea hadi uzeeni. Ndiyo maana Erik Erikson aliyagawa maisha yote katika hatua nane.

Kwa mujibu wa Jean Piaget, mtoto wa takriban miaka 7 hadi 11 hufikiri vyema juu ya vitu anavyoviona na kuvishika. Ukimchorea jedwali la ngeli ubaoni, unamtwika mzigo wa mtu mzima. Mletee maembe, aseme “embe hili, maembe haya”. Mtoto wa Bwera tayari anasema omundu na abandu kwa Kikonzo. Mtu na watu hayatamshinda.

Lev Vygotsky naye alisisitiza kwamba mtoto hujifunza kwa kusaidiwa na anayejua zaidi. Bwera iko mpakani, na katika soko la Mpondwe Kiswahili husikika kwa wafanyabiashara wanaotoka Kongo. Mtoto anayemsaidia mama yake kuuza huweza kupatana bei kabla hajalisikia neno “kitenzi”. Somo na lianzie hapo.

Je, kwa nini mwanafunzi mwingine hunyamaza tu? Mwaka 1954 na 1955 Mary Ainsworth alichunguza watoto wachanga katika vijiji vya Buganda, na kitabu chake kikatoka mwaka 1967. Aliona kwamba mtoto anayemwamini mlezi wake huthubutu kutambaa mbali naye, akachunguza mazingira, kisha akamrudia. Darasani nako, anayechekwa anapokosea hathubutu tena kusema.

Mtu mzima anayejifunza Kiswahili mjini Kasese huweza kuielewa kanuni ya sarufi upesi, ila aibu ya kukosea mbele ya wadogo zake humfunga mdomo. Basi mwalimu asitazame umri pekee. Kabla ya kuandaa somo ajiulize: mwanafunzi huyu anaweza nini peke yake, anaweza nini akisaidiwa, na je, ananiamini?