Biashara ya rangi Karatu: soma kopo kabla ya kupaka bembea

Masika yanapopunguza watalii, Karatu huingia msimu mwingine wa kazi, ule wa ukarabati. Hoteli na kambi zilizoko njia ya kuelekea lango la Lodoare, Ngorongoro, hutumia utulivu huo kupaka kuta, milango na hata bembea za watoto wa wageni. Shule za chekechea nazo hufukia tairi kuukuu nusu ardhini na kuzipaka rangi za kung'aa. Tairi hazikosekani katika mji unaoishi kwa magari ya utalii. Kinachobaki kununua ni rangi.

Hapo ndipo mnunuzi anapopaswa kusoma kopo. Rangi ya mafuta ya njano, ya chungwa au nyekundu huweza kuwa na kromati ya risasi, ambayo huipa mng'aro usiofifia upesi juani. Rangi ikichakaa, huwa vumbi. Vumbi hushika vidole, na vidole vya mtoto huishia mdomoni. Risasi hudhuru ubongo unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Viwango vya Afrika Mashariki vimeweka kikomo cha sehemu 90 kwa milioni, yaani miligramu 90 katika kilo moja ya rangi iliyokauka. Asasi ya AGENDA ya Dar es Salaam na mtandao wa kimataifa wa IPEN wamepima rangi zinazouzwa nchini Tanzania zaidi ya mara moja, wakakuta makopo yaliyopita kikomo hicho na mengine yaliyokuwa chini yake. Kwa hiyo rangi salama hutengenezeka, tena huuzwa.

 

Wachongaji wa twiga na tembo wa mbao wana sababu ya ziada ya kujali rangi wanayotumia, kwa kuwa mgeni humpelekea mtoto wake zawadi hiyo. Mwaka 2007 kampuni ya midoli ya Mattel ililazimika kuondoa sokoni midoli zaidi ya milioni moja kwa sababu ya rangi yenye risasi. Karakana ndogo haiwezi kubeba hasara ya namna hiyo.

Kinga haina gharama kubwa. Mwenye hoteli au shule aandike kwenye makubaliano na fundi kwamba rangi iwe na alama ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) na maelezo ya kiwango cha risasi, na rangi ya zamani isikwanguliwe kwa msasa mkavu bali ilowanishwe kwanza, na mabaki yakusanywe. Fundi atakayezoea hivyo atakuwa na neno la kumwambia mteja msimu ujao, zaidi ya bei.